Kwenda kwa Ba Desa

Ninyi wa saluni, ninyi wa kwaya, na wewe Mama Joska uliyenisimamisha kwenye robot ya Rockey Street, taa imeshawaka kijani na mabasi yanatupigia honi, ukitaka nikueleze yote palepale: nimechoka kusimulia kwa vipande. Kila mmoja ana kipande chake, na nimesikia kuna anayesema nilikwenda Msumbiji kuolewa. Sikuolewa. Habari yote ni hii, tangu mwanzo. Mambo ya tiketi na mihuri ya pasipoti nayaruka, hayana utamu.

Neno lililotoka Nampula

Asiyejua kwetu ajue kwamba mimi na mama tunakaa Bellevue, hapa Johannesburg, chumba kimoja na nusu ndani ya nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao. Ile nusu ni baraza iliyozibwa kwa mabati. Humo mama alitandika kitanda cha mdogo wake, kabla hata hatujajua kama mdogo wake yuko hai.

Mdogo wake anaitwa Mapendo. Kwangu ni mama mdogo, ingawa nilikuwa sijamwona. Walitoka Kalemie pamoja wakiwa wasichana, wakavuka ziwa, wakapita Tanzania, wakaingia Msumbiji. Huko Nampula Mapendo akaanguka kutoka kwenye lori, akavunjika mguu. Walimpeleka kwenye zahanati moja ya misheni, akafungwa mguu kwa vijiti. Mama alikuwa na mimba yangu, na lori la kuja huku lilikuwa linaondoka. Akamwambia mdogo wake, "Ngoja hapa mlangoni. Nikifika nitarudi kukuchukua."

Hakurudi. Nikazaliwa mimi, kazi zikawa za kubahatisha, barua hazikujibiwa. Mmoja akamwambia zahanati ile ilifungwa, mwingine akaapa kwamba Mapendo alirudi Kongo. Siku hizi karatasi za kusafiri mama anazo. Moyo wa kwenda ndio hana. Alichokuwa anafanya ni kumwagiza kila anayekwenda kaskazini: ukifika Nampula niulizie Mapendo, Mkongo, ana kovu la moto kidevuni.

Mmoja wa walioagizwa ni Shaibu, mtu wa Tanga, anauza mablanketi pale katikati ya mji. Jumapili moja tumetoka kanisani, tukamkuta ameketi kwenye ngazi zetu.

"Mama Riziki, kaa kwanza," akasema. "Mdogo wako yu hai."

Mama hakukaa. "Yuko wapi?"

"Abadesa."

"Hiyo ni nini?"

"Nami nilimuuliza vivyo hivyo yule mama muuza samaki. Nikamwambia, Mapendo wa Kongo, mwenye kovu, yuko wapi? Akacheka. Mapendo? Abadesa! Nikamwambia bibi wee, nakuuliza yuko wapi. Abadesa, abadesa, huku ananyoosha mkono kule kwenye majabali. Lori likapiga honi, nikapanda."

Wakaanza kubishana. Shaibu alikuwa na uhakika kwamba ni jina la mwanamume, Abdi Issa, ila watu wa kule Kireno kimewageuza ndimi. "Kaolewa, dada yangu. Kaolewa na Muislamu safi, mshukuru Mungu."

"Hapana," mama akasema. "Ni ba Desa."

Ambao si Wakongo niwaeleze. Sisi tukitaja watu wa nyumba fulani tunatanguliza ba. Ba Joseph ni Joseph, mkewe, watoto, wageni na mbwa wao. Kwa hiyo mama alivyosikia yeye, Mapendo yuko kwa watu wanaoitwa Desa. Na mtu asiye na ndugu akikaa miaka yote hiyo kwa watu, anakaa kama nini?

"Bamemufanya mutumishi," mama akasema. "Mapendo yangu anafua nguo za ba Desa."

"Sisi kwetu kudesa ni kuibia kwenye mtihani," Shaibu akasema, akitaka kumchekesha.

"Basi na mimi bameniibia mutu."

Safari ikaamuliwa palepale kwenye ngazi, na msafiri ni mimi. Mama akapakia kitenge, mafuta ya ngozi na pakiti sita za rasta, nyeusi yenye wekundu kidogo nchani. Mapendo alipenda nywele kuliko chakula, na mama alimwahidi rasta za Johannesburg.

"Umulete hapa," akaniambia. "Ba Desa bakikatala, uwaambie iko na ndugu."

Nilipokuwa nimeshika mlango akaongeza, akiwa ameigeukia sufuria: "Na umuulize alinigojea mpaka lini."

Johannesburg mpaka Maputo

Jirani yangu kwenye basi alikuwa mama wa Msumbiji, Dona Celeste, aliyewapikia wanaume wa hosteli za Jeppestown mpaka magoti yakagoma. Sasa anarudi kwao moja kwa moja, na alichokichuma ni sinki la jikoni, la chuma cheupe, amelifunga kwa blanketi kama mtoto. Alikataa liwekwe chini na mizigo mingine. Tulisafiri nalo, miguu yetu ikilizunguka. Tuliongea Kizulu, chake cha jikoni na changu cha shule.

Yeye ndiye aliyenitoa kwenye balaa la mpakani. Ofisa wa forodha alifungua begi langu, akakuta nywele.

"Hizi nywele za nani?"

"Za mama yangu mdogo," nikajibu.

"Yeye yuko wapi?"

"Sijui. Ndiye ninayemtafuta."

Ofisa akanitazama. Akazitazama nywele. Akamwita mwenzake. Ndipo Dona Celeste akaja anachechemea, akawapigia kelele kwa Kireno, akaipasua pakiti moja na kumpitishia ofisa nywele zile mashavuni aone kwamba ni plastiki. Wale wote nyuma yetu wakacheka, begi likafungwa.

"Msichana," akaniambia tulipoketi, "unaongea kama muuaji. Huyo mama mdogo yuko wapi kweli?"

Nikamwambia yuko Nampula, kwa watu wanaoitwa Desa. Kwa Kizulu nayo inakuwa kwaDesa, haigeuki.

"De Sá!" akapiga sinki kofi. "Nimekaa Nampula miaka. Nani asiyemjua mzee de Sá? Anauza misumari na mabati. Nyumba yake iko juu ya duka."

Yaani sijafika hata Maputo, nimeshawapata. Nilianza kuota. Nilijiona nimesimama mlangoni kwa tajiri, nasema maneno makali, mama mdogo anatoka na ndoo mkononi, ananikumbatia. Katika ndoto ile nilikuwa nimevaa viatu virefu. Sijui nilivitoa wapi.

Maputo niliiona kidogo. Nilikula mkate wa moto wenye viazi vya kukaanga ndani yake, nikalala kwa binti yake Celeste, tukapanda basi la kaskazini alfajiri. Ndege zangu mimi ni hizo hizo zenye magurudumu.

Mto Save, na gari kugoma

Njia ya kaskazini ni ndefu kuliko nilivyofikiri nchi inaweza kuwa. Minazi, halafu mikorosho, halafu minazi tena. Basi likisimama, madirisha yanajaa vikapu: korosho za kuchoma, machenza, kuku, mashada ya vitunguu saumu. Dona Celeste alininunulia matapa, ambayo ni kisamvu chetu ila wanakipika kwa karanga na nazi kwa subira zaidi. Msimwambie mama.

Tulipokwisha kuvuka daraja la mto Save gari likagoma. Dereva akashuka, akaingia uvunguni, akatoka na kipande cha chuma mkononi, akakikodolea macho kama anayekilaumu. Kingine kingefuatwa mjini. Tukae.

Abiria walitandika khanga kwenye kivuli cha basi. Mimi vidole vyangu havijui kukaa. Nikamwambia Dona Celeste anipe kichwa, nikamsuka mistari ya kwenda nyuma, kwa nywele zake mwenyewe na uzi. Sijamaliza, akaja mwingine akakaa mbele yangu bila kuuliza, akafuata mwingine. Walilipa kwa mahindi ya kuchemsha, na mmoja alinilisha korosho mdomoni kwa sababu mikono yangu ilikuwa kazini. Walipoziona rasta begini walizitaka. Nikakataa. Wakasema mchoyo. Nikasema ni za mtu.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja mnene aliyekuwa anakwenda msibani Caia. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa chake, upande wa kushoto uko tayari na wa kulia umesimama kama majani, chuma kikaja, dereva akafunga, akapiga honi. Ndani ya basi viti vyetu vilikuwa mbalimbali na barabara ni mashimo matupu. Akashuka Caia hivyo hivyo, nusu na nusu. Kutoka chini akanipungia mkono kwa heshima. Nadhani aliwaambia wafiwa ndiyo mtindo wa Johannesburg.

Dona Celeste alishukia Mocuba. Wanaume wawili walilibeba sinki, yeye nyuma yao anawaelekeza wasiligonge. Hakuniaga kwa maneno mengi. "Kwa de Sá ongea taratibu," akasema. "Ukishindwa, mtaje Mungu. Ni watu wa kanisa."

Nampula: nyumba ya misumari

Nampula imezungukwa na majabali yaliyosimama peke yake, kama yalikuwa yanakwenda mahali yakaghairi. Watu wanasalimiana "Salama!" Nilidhani Kiswahili kimenitangulia huko, kumbe ni Kimakua chao.

Duka la mzee de Sá lilionekana mara moja. Mwenyewe alikuwa kaunta, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani makavu, anapima misumari kwenye mizani. Kireno changu ni kile cha wateja wa saluni, maneno kama kumi. Nilikuwa nimejifunga kitambaa cheupe kwa vumbi la njiani, na begi nimelikumbatia. Nikajikaza. Nilitaka kusema nimemfuata dada wa mama yangu. Dada ni irmã, hilo nilikuwa nalo. Nikajipiga kifuani nikasema:

"Irmã. Mama. Hapa."

Mzee akavua kofia.

Sikutegemea hivyo. Akazunguka kaunta, akanipokea begi kwa mikono miwili, akanipandisha ngazi, akaniweka kwenye kiti kikubwa chenye mito ya kufuma. Akatoweka, akarudi na maji, akarudi na kuku, akarudi na wali wa nazi. Nikawa najisemea, hawa ba Desa wana hila. Wanataka kuninyamazisha kwa chakula. Nilitazama kila mlango uliofunguka, labda Mapendo atatoka.

Kuku alikuwa mezani, lakini mzee hakula. Alikunja mikono, akainamisha kichwa, akanisubiri. Nikaelewa kwamba ninatakiwa kusali. Ninyi wa kwaya mnanijua, ukinipa sala sirudishi haraka. Nikasali kwa Kiswahili, nikamwombea dereva, sinki la Dona Celeste, yule mama wa nusu kichwa, na kimyakimya nikawaombea ba Desa walegee mioyo wamwachie mtu wetu. Mzee akaitikia "Ámen" kwa sauti, macho yamelowa.

Tulikuwa kwenye mapaja ya kuku mkewe aliporudi. Dona Amélia ni mtu wa visiwani, upande wa Pemba ya Msumbiji, na Kimwani chao na Kiswahili ni kama ndugu wa baba mmoja. Mumewe akamwambia kitu kwa fahari. Yeye akaniangalia kucha zangu za rangi ya zambarau, akaniangalia tena.

"Binti," akasema, "mume wangu anasema wewe sista umekuja kutubarikia nyumba."

"Mimi? Mimi msusi, mama. Wa Bellevue."

"Si umesema irmã?"

"Ndiyo, dada. Dada wa mama yangu."

Akakaa chini, akaanza kucheka. Kumbe irmã ni dada wa tumbo moja, na ni sista pia, neno lile lile. Alimtafsiria mumewe. Mzee aliitazama sahani yangu, akaitazama kofia yake, kisha akanisogezea kuku aliyebaki. Nilimpenda kuanzia hapo, lakini nilikuwa nimekuja kwa kazi, nikasema yale maneno yangu ya ndotoni.

"Nimekuja kumchukua Mapendo. Ana ndugu. Mwacheni aende."

"Mapendo gani?"

"Mkongo, ana kovu la moto kidevuni. Tumeambiwa yuko kwa ba Desa. Si ndio ninyi?"

Dona Amélia akaacha kucheka. "Nani kawaambia?"

"Muuza samaki. Shaibu alimuuliza, akasema abadesa, abadesa."

"Sema tena. Pole pole."

"A-ba-de-sa."

"Yesu wangu," akasema. Akanishika kifundo cha mkono. "Mwanangu, hilo si jina la watu. Si ba Desa. Wala si mume wangu. Abadessa ni neno moja. Ni mama mkuu wa masista, wa monasteri, wale wanaokaa ndani hawatoki. Ile pale chini ya jabali."

Nikafikiri kidogo. "Kwa hiyo Mapendo anamfanyia kazi huyo mama mkuu?"

"Hujanielewa. Alipoulizwa Mapendo, yule muuza samaki alijibu sawasawa. Mapendo ndiye mama mkuu. Madre Mapendo. Ndiye ninayenunua kwake biskuti za korosho kila mwezi."

Mama mdogo wangu ndiye mama mkuu. Nilimwambia hilo yule kuku wa sahanini.

Dirisha lenye vyuma

Dona Amélia alinifikisha kwenye geti la mbao, akaniacha, kwa sababu, alisema, mambo ya ndugu hayataki shahidi. Pembeni mwa geti kuna chumba kidogo kilichopakwa chokaa, kina benchi na kizingiti kilicholika katikati kama sabuni. Sista kijana akafungua kijidirisha.

"Salama," akasema, kisha kwa Kimwani kama cha Dona Amélia: "Unamtaka nani?"

Nikasema mama mdogo. Akasema hawana. Nikasema Mapendo. Akanirekebisha, Madre Mapendo. Nikasema huyo huyo. Akaniketisha kwenye chumba kilichokatwa katikati na dirisha lenye vyuma, upande wangu viti, upande wa pili viti. Nilisikia viatu vinakuja vinapiga pwata, pwata.

Aliingia na buti za mpira zenye matope mpaka magotini na shela jeusi limekwenda upande. Ana mwili mdogo, na anachechemea kidogo. Kovu lilikuwepo. Alikuwa ametoka zizini, ng'ombe wao anaumwa. Alinitazama kupitia vyumani, akasema kwa Kiswahili cha nyumbani, kile mama anachoongea akikasirika:

"Paji hili ni la Zawadi. We ni mutoto ya Zawadi."

"Ndiyo. Riziki."

"Ile mimba?"

"Ndiyo mimi."

Akaingiza mikono kati ya vyuma, akanishika uso wote. Mikono ilikuwa inanuka ng'ombe. Sikujua nimwite nani, nikasema Madre. "Niite mama mdogo," akasema. "Humu ndani nimechoka kuwa mkuu."

Nikamweleza kila kitu kuanzia kwenye ngazi zetu: Shaibu na Abdi Issa wake, mama na ba Desa. Alicheka mpaka akajiegemeza ukutani, sista wa geti akachungulia kuona kama kuna mtu anaumwa.

"Zawadi alisema nafua nguo za ba Desa?"

"Ndiyo."

"Si uongo. Jumatatu ni zamu yangu." Akajifuta macho kwa shela. "Na ni kweli bameniposa, ila ninyi wakwe hamukuja kudai kitu."

Nikampa kitenge na mafuta. Nikampa rasta. Alizitoa kwenye pakiti, akazipima urefu kwa mkono, akauliza rangi hii ya nchani inaitwaje. Kisha, sista wa geti akiwa bado kwenye mlango, akaiweka moja juu ya shela lake, ikashuka mpaka kiunoni, akageuza shingo hivi na hivi. Yule sista alitafuta pa kuangalia. "Angalia vizuri," mama mdogo akamwambia. "Hivi ndivyo nilivyofika hapa, ila mimi zangu zilikuwa za kweli." Akazikunja, akazirudisha pakitini, akanipa. "Umusuke mama yako. Mimi nitavaa kwa macho."

Ikabidi niseme nililoagizwa. "Mama ametandika kitanda. Nimekuja kukuchukua."

Hakucheka sasa. "Nina masista kumi na mmoja, Riziki, na ng'ombe. Kitanda mulaze wageni. Siendi."

Alisema siendi kama mtu anayekuambia duka limefungwa, bila ukali, na hurudii kuuliza. Nilikuwa nimebeba swali moja tu lililobaki.

"Mama anauliza ulimngojea mpaka lini."

Nilihesabu vyuma vya dirisha, nikakosea, nikaanza tena.

"Umeona kile kizingiti?" akasema. "Pale ndipo aliponiacha. Zahanati ilikuwa kile chumba cha mbele. Mguu ukapona nikawa nakaa pale, asubuhi mpaka kengele ya jioni. Nilikuwa na hasira, usimufiche. Mwaka mzima sikula embe sababu Zawadi anapenda embe. Lakini mutu akikaa mlangoni, kila anayekuja anamukuta yeye. Bagonjwa, ba mama benye mimba, mimi ndiye nawaitia masista. Siku moja abadessa wa wakati ule, muzee Mureno, akasimama nyuma yangu akasema, kwa sababu huondoki hapo, shika ufunguo. Nikashika. Kwa Kireno kazi ile ina jina lake, lakini mimi nilijiita kwa Kiswahili." Akatabasamu. "Mngoja mlango. Baadaye wakanipigia kura, wakanipa na milango mingine. Mwambie mama yako sikuacha kungoja. Niliajiriwa."

Bellevue

Njia ya kurudi haina hadithi, gari halikugoma hata mara moja na jirani yangu alikuwa mwanamume aliyelala tangu Mocuba. Nilikuwa na biskuti za korosho mfuko mzima na msumari mmoja mkubwa wa mzee de Sá, alionipa kama ukumbusho.

Mama alikuwa dirishani. Aliona nimeshuka peke yangu, akaondoka dirishani. Nilipoingia alikuwa tayari kwenye mkeka na kitana mkononi. Nikaketi kwenye kiti, yeye chini kati ya magoti yangu, nikafungua pakiti za rasta.

"Hizo ni za Mapendo," akasema.

"Amesema nikusuke wewe."

Nikaanza kwenye utosi. Nilimsimulia kwa mpangilio, kama nilivyowasimulia ninyi, nikimgeuza kichwa kila upande unapokwisha. Kwenye sala yangu kwa mzee de Sá alisema "Eish" kwa sauti ya chini. Kwenye abadessa aliondoka mikononi mwangu na kunigeukia, rasta ikining'inia usoni.

"Mukuu? Mapendo? Yule ndiye alitumbukiza funguo za baba ziwani, nyumba nzima tukalala inje!"

"Ndiye waliyempa ufunguo."

Nikamwambia la kizingiti, la maembe, la mngoja mlango na la kuajiriwa. Akarudisha kichwa mahali pake. Mabega yake yalianza kutikisika, nami nikasimamisha vidole nikingoja kujua ni kilio au nini. Kilikuwa kicheko, kile cha tumboni kisicho na sauti, na kilichukua muda. "Funguo," alikuwa anasema. "Bamemupa Mapendo funguo."

Jirani yetu wa nyuma ya mbao akagonga kuuliza kama tuko salama. Na niseme hapa kwamba Shaibu, hata baada ya kuelezwa, bado anaamini Abdi Issa yupo mahali.

Mama alipotulia akauliza, "Sasa mutu akienda pale, anamwita nani?"

"Wote wanamwita Madre, yaani Mama."

"Mimi nilimubeba mugongoni."

"Basi wewe muite Mapendo."

Nikafika nyuma ya sikio. Nilikuwa nasuka mistari minene, ya haraka haraka, kwa kuwa kesho yake nilikuwa kazini. Akaipapasa kwa kidole, mmoja mmoja.

"Fumua hizi," akasema. "Suka ndogo ndogo, za kudumu. Njia yenyewe umesema ni ndefu."